Mapumziko ya Miguu Katika Milima ya Ufipa

(Dominika ya 16 ya Mwaka B)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo, Marko sura ya 6, aya ya 30 hadi ya 34, ina jambo ambalo sisi wahubiri hupenda kulipita upesi ili tufike kwenye habari ya kondoo wasio na mchungaji. Mitume wamerudi kutoka utumeni. Wamechoka. Watu ni wengi mno, hata wasaa wa kutia tonge kinywani haupatikani. Ndipo Bwana anapowaita wajitenge, wapate kupumzika. Mitume hawakuliomba pumziko hilo, wala hawakulinung'unikia. Bwana mwenyewe ndiye aliyeuona uchovu wao, akawaagiza. Wakaingia mashuani. Lakini watu wa miji ya kandokando walikwisha kuing'amua safari yao. Wakaikata njia ya nchi kavu kwa miguu, na mashua ilipofika ufukoni walikuwa wamekwisha kutangulia.

Basi mahali pale pamoja walikutana watu wa aina mbili: wale waliokwenda kupumzika, na wale waliotembea kwa sababu ya shida zao. Twataka kunena juu ya makutano hayo leo, kwa kuwa nasi huku Ufipa tunayo makutano kama hayo, tena milimani.

Mwezi wa Julai hapa Sumbawanga ni mwezi wa baridi na upepo. Mji wetu uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mtu hutoka nje amejifunika blanketi. Mvua zimekwisha, mahindi na maharage yako ghalani au yanapukuchuliwa uani, njia zimekauka. Ni majira mema kwa kutembea kuliko yote ya mwaka, na katika miaka hii ya karibuni tumewaona wageni, na hata vijana wetu wenyewe wenye kazi mijini, wakija kwa barabara ya lami kutoka Tunduma, wakafunga shanta mgongoni, wakaenda zao milimani siku mbili tatu bila kiongozi. Hilo ndilo lao la likizo.

Katika nchi za Ulaya desturi hii imekomaa. Msafiri hupewa ramani na maelezo ya njia, akatoka kijiji hadi kijiji kwa miguu yake. Pengine hata mzigo wake hutangulizwa kwa gari hadi kwenye nyumba atakayolala. Hufanyika hivyo katika milima ya Alps, na katika njia za kale za mahujaji ziendazo Santiago de Compostela kule Hispania. Kwetu Tanzania mlima ujulikanao sana, yaani Kilimanjaro, haupandwi hivyo. Sheria ya hifadhi yamtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni. Lakini Ufipa haina lango wala mnara wa tiketi. Ni uwanda wa juu uliolala kati ya mabonde mawili: magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa. Mwenye kusimama ukingoni, upande wowote kati ya hizo mbili, yu juu ya maji ya ziwa kwa mita zipatazo 1,000 au zaidi.

Wako watakaotuuliza: Baba, kutembea nako ni mapumziko? Swali hili si la mzaha. Mama wa bonde la Rukwa apandaye mteremko na tenga la samaki kichwani, akitafuta soko la huku juu, hawezi kuyaelewa maneno "likizo ya kutembea." Katekista wa kigango cha mbali, aendaye kilomita 15 kusimamia ibada ya Neno na kurudi kilomita zile zile akiwa na njaa, naye atacheka. Kwao hao kupumzika ni kukaa kitako. Nasi hatutaki kuwacheka wao kwa kutucheka. Swali lao tutalirudia, kwani ndilo hasa lililotuleta hapa.

Kwanza tuseme mema ya jambo lenyewe, kwa maana tunalipenda.

Tumepata kutembea pamoja na vijana wa parokia kutoka mjini, tukapita Milima ya Mbizi, tukashuka bondeni kuelekea upande wa Muze. Alfajiri mji hubaki nyuma haraka. Baada ya mashamba unaingia katika nyasi za milimani, zilizokauka na kuwa rangi ya dhahabu, na upepo unazilaza upande mmoja. Kisha, katika makunjo ya vilima, unakuta mabaki ya msitu wa Mbizi: miti mirefu yenye ndevu za kuvu, ukungu, unyevu miguuni hata wakati wa kiangazi. Humo wamo mbega wekundu, nyani wa aina isiyoonekana katika sehemu nyingi za nchi hii. Ukinyamaza utawasikia kabla ya kuwaona. Vijana wetu walizaliwa chini ya milima hii, maji ya vijito vyake wameyanywa tangu utoto, na wengi wao siku ile ndiyo waliyowaona kwa mara ya kwanza. Twaweza kuhubiri mwaka mzima juu ya kutunza misitu, tusifikie alichokipata kijana mmoja kwa robo saa ya kusimama kimya na kutazama juu.

Vilevile mtembezi hukutana na kazi za mababu. Katika uwanda wa Ufipa bado yako magofu ya tanuru za kuyeyushia chuma, zile ziitwazo malungu, zilizojengwa kwa udongo, zenye kimo cha mita 3 hivi, kumpita mtu mrefu. Hazikuvuviwa kwa mivukuto. Matundu ya chini yaliuvuta upepo wenyewe, na moto ukapanda. Katika mashamba utaona matuta ya mviringo, ntumba, ambamo mkulima huzifukia nyasi ili zioze na kuirutubisha ardhi. Hekima hiyo ni ya zamani kuliko mbolea ya dukani. Apitaye kwa gari haoni lolote kati ya hayo. Huona vumbi.

Sasa, hilo neno "bila kiongozi" lahitaji kupimwa. Huku kwetu vibao vya njia ni vichache. Palipo na njia panda tatu za ng'ombe, ramani haikusaidii. Kinachosaidia ni kupiga hodi. Humwona mzee aketiye mbele ya nyumba yake, unamwamkia Shikamoo, unakaa, unaeleza utokako na uendako, ndipo unauliza. Ukianza kwa kuuliza njia, utajibiwa kwa kidole tu. Ukianza kwa salamu, utaambiwa daraja gani limevunjika, kisima kipi kimekauka, na nyumba ya nani ina kitanda cha ziada. Hivyo huyo asemaye ametembea bila kiongozi, amekuwa na viongozi kumi na watano, wote wamefanya kazi bure.

Na njia yenyewe imefanywa na nani? Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, ambako maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wameyapata magogo mawili yaliyochongwa na kulalishwa moja juu ya jingine yapata miaka 476,000 iliyopita. Huenda, wasema, yalikuwa sehemu ya jukwaa, au ya njia ya kupitia mahali penye majimaji. Tazama basi: hata kabla ya watu wa namna yetu kuwapo duniani, palikuwa na wenye kumwekea mwenzao mahali pa kukanyaga.

Tukumbuke pia mwaka 1873. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu. Wenzake, akina Chuma, Susi na Jacob Wainwright pamoja na wengine wengi, wake kwa waume, walikausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako walifika mwezi wa Februari 1874. Walipita Ufipa, wakiepuka milima ya kandokando ya Ziwa Tanganyika iliyowatesa mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewaongoza, mwenye ramani alikuwa amekufa. Vitabu vingi vilimwita marehemu mgunduzi wa njia, na hao wakaitwa wapagazi. Sisi twaona ni haki kuuliza: njia ilijulikana na nani?

Nasi wa kanda hii twamjua mwingine. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa mtoto akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari kisiwani Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alitembea kutoka pwani hadi Karema, kwenye ufuko wa Tanganyika, akawa daktari na katekista hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya hapa mjini Sumbawanga ina jina lake. Aliishi Karema miaka zaidi ya 60. Wakati fulani, tukisoma habari zake, hujiuliza kama kuna aliyepata kumwambia: Daktari, leo kaa, tutawatazama wagonjwa sisi.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye lile swali.

Siku ile tuliyoshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, njia ilikuwa ya mawe na kona, magoti yakatetemeka, kwa maana kushuka kwaumiza kuliko kupanda. Kadiri ulivyoshuka joto likaongezeka, sweta zikatolewa. Karibu na katikati tulikutana na kina mama watatu wakipanda, kila mmoja na tenga la perege wakavu juu ya ngata. Vijana wakawaamkia. Mmoja wa wale mama, mtu mzima, akaitikia Marahaba, kisha akatutazama sote pamoja na mashanta yetu, akauliza kwa huruma kabisa:

"Poleni wanangu. Mnakwenda msiba wa nani?"

Kwa fikra zake watu kumi na mmoja hawatembei mlimani pamoja ila kwa msiba. Kijana mmoja akajibu kwamba hakuna msiba, tunatembea tu.

"Mnatembea tu?"

"Ndiyo, mama. Tuko likizo."

Wakacheka hadi wakalazimika kuyatua matenga. Yule mama akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge, akasema, "Basi kama mna miguu ya ziada, nibebeeni huu."

Alisema kwa utani. Lakini vijana wanne walitazamana, wakavua mashanta, wakayachukua matenga kwa kupokezana, wakageuka kuelekea juu, njia tuliyokwisha kushuka. Utaratibu wetu wa siku ile ukavunjika. Hatukufika bondeni ila kesho yake, na tulilala mahali ambapo hapakuwa kwenye ramani. Mwenye kijiti cha uongozi wa safari hakufurahi, nasi hatumlaumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga hesabu ya chakula.

Walipofika kwenye bega la mlima wakapumzika. Yule mama, kichwa kitupu, aligeuka nyuma. Ziwa Rukwa lilikuwa chini kabisa, jeupe kwa jua. Akatazama kitambo. Akasema amepanda mlima ule tangu alipokuwa msichana, wala hakuwahi kuligeukia ziwa akiwa njiani, kwa maana mwenye tenga kichwani hageuzi shingo.

Ndugu wapendwa, torati ya Musa ilipoamuru siku ya saba, haikuishia kwa bwana wa nyumba. Yamtaja mtumishi na mjakazi, yamtaja mgeni, yamtaja hata ng'ombe na punda (Kutoka 23:12, Kumbukumbu la Torati 5:14). Sababu inayotolewa ni kwamba wao pia wapate kuvuta pumzi. Yaani Mungu aliwafikiria kwanza wale wasioweza kujitolea likizo wenyewe. Nasi twalisoma agizo hilo kana kwamba lahusu kuja kanisani tu. Ziko nyumba ambazo Jumapili baba huketi kivulini na rafiki zake, na mama, akitoka Misa, aenda kisimani, kisha kuni, kisha jikoni. Baba huyo ameitunza Sabato yake juu ya mgongo wa mwingine.

Basi hatusemi kutembea milimani ni anasa, wala kwamba mtu aone haya kupumzika mbele ya wenye mizigo. Bwana hakuona haya. Aliliagiza pumziko huku akijua kwamba umati ungali na shida. Lakini alipowakuta wale waliotangulia kwa miguu hakuwaambia warudi, kwamba leo ni siku ya faragha. Aliwahurumia. Mapumziko yake aliyavunja mwenyewe. Ya mitume hakuyaita ya bure.

Ndiyo maana kwa wenye kusafiri hivyo tuna maneno machache ya nyumbani. Msitu wa Mbizi ni hifadhi. Ulizeni kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Toeni habari kwa mtendaji wa kijiji mnakolala, ili mkichelewa kuna atakayejua. Chukueni maji, nguo nzito za huku juu na chandarua cha kule chini, kwa kuwa bondeni mbu ni wengi na malaria si hadithi. Msianze kushuka ukingo mchana umekwisha kupinduka. Msiwashe moto katika nyasi za Julai hata kwa kuchemsha chai, maana upepo wa huku haujui mzaha.

Na bei: mkiuziwa yai au chungwa na mama wa njiani, lipeni alichotaja. Tumesikia watembezi wakisimulia kwa furaha jinsi walivyopunguziwa shilingi 200 na bibi kizee. Hilo halifai kusimuliwa.

Masimulizi ya kale ya Wafipa yasema wanawake watatu wageni walifika Milansi kwa miguu, mwenye nchi akiwa mawindoni, wakakaribishwa, wakakalia kiti chake. Aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kuwa na watawala wengine. Wafipa waliendelea kukaribisha wageni hata baada ya hayo, jambo linalotustaajabisha kila tukilifikiri. Mgeni wa leo hatwai nchi, lakini aweza bado kukalia kiti kisicho chake: kumpiga picha mama chini ya mzigo bila kumwuliza, kuoga katika kisima cha kunywa, kukata njia katikati ya ntumba za mtu kwa sababu ramani yaonyesha ni karibu.

Kwenu ninyi makatekista tuna neno jingine, na hasa kwa halmashauri za parokia zinazowatuma. Hesabuni tangu Januari: je, yuko katekista aliyepata Jumapili moja ya kuketi benchini kama muumini wengine, na mke wake kando yake? Mwalimu wa shule ana likizo. Karani ana likizo. Paroko naye huenda kwao. Katekista hana, kwa sababu posho yake ni ndogo mno hata hatukumhesabu kuwa ana kazi ya kupumzikia. Twapendekeza jambo lisilohitaji fedha nyingi: kila kigango kichague wawili waliofunzwa kusimamia ibada ya Neno, na katika mwezi huu wa Julai au wa Agosti katekista aachwe siku kumi. Baiskeli ya parokia isimfuate. Jumuiya ndogo ndogo zichange debe la mahindi na maharage nyumbani kwake. Kama atataka kulala, alale. Kama atataka kutembea, na atembee siku moja njia isiyo na kigango mwisho wake.

Kadhalika akina baba wa bonde na wa uwanda: pale mteremko unapoanza, tenga haliwi zito zaidi likiwa juu ya bega la mwanamume. Tumelibeba, twajua.

Jumapili ijayo, kwa mpango wa Kanisa katika mwaka huu B, tutaiacha Injili ya Marko kwa muda, tusome katika Yohane sura ya 6 habari ya mikate mitano na samaki wawili. Yohane ataja hesabu ya wanaume, yapata 5,000. Akina mama hawakuhesabiwa, ingawa samaki walikuwa wamekaushwa na mtu, na mikate ilikuwa imeokwa na mtu. Tutawatafuta humo. Wenye kusimamia ibada vigangoni wasome tangu aya ya 1 hadi ya 15, na watakaokuwa milimani siku hiyo wachukue kitabu kimoja kwa kundi, kisomwe kwa sauti mahali pa kupumzikia, kabla ya jua kuwa kali.

Tumsifu Yesu Kristo.